Msimu Ambao Kaka Hakumeza Vidonge

Wewe unayenisikiliza, hebu fikiria harufu ya mabibo yaliyoanguka chini ya mikorosho na kuanza kuchacha juani. Ni tamu, kisha kali, na inang'ang'ania nguo. Kijijini kwetu, kando ya barabara iendayo Kilambo, ikianza kusikika watoto wote tulijua kazi ya kuokota korosho imefika. Msimu ninaoukumbuka kuliko yote ni ule ambao kaka yangu Festo aliacha dawa. Alikuwa na kifafa tangu mdogo, na kila jioni mama alimpa kidonge cha kutoka zahanati. Nyumba yetu ilikuwa miongoni mwa chache za Wakristo pale, na mama alikuwa mtu wa sala kweli, si wa maonyesho.

Kabla tu ya mavuno, mhubiri mgeni alifika kanisani kwetu. Alimwekea Festo mikono kichwani, akaomba mpaka jasho likamtiririka, kisha akamwambia mama kwamba aliyeponywa hamezi vidonge, maana kumeza ni kumwambia Mungu hajafanya kitu. Mama akavifungia vidonge sandukuni. Siku zikapita, Festo yu mzima, anaokota korosho na kuimba kwaya. Mama alitoa ushuhuda kanisani huku analia, nasi tukalia naye. Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu sasa. Ukimpenda mtoto kiasi kile, furaha ya namna ile huwezi kuikataa.

Asubuhi moja tulikuwa uani tukichoma korosho kwenye karai kuukuu, moshi wake ukituwasha macho. Festo alikakamaa, akaanguka, mkono wake ukaingia motoni. Bi Somoe, jirani yetu Mwislamu, ndiye aliyewahi kumvuta. Huko zahanati nesi alimfunga kidonda, kisha akamweleza mama pole pole kwamba ubongo huongea na mwili kwa umeme mdogo sana. Kwa Festo umeme huo wakati mwingine hulipuka wote kwa pamoja. Kidonge huutuliza, ila hakiufuti ugonjwa, na kikiachwa, kuanguka hurudi siku asiyoijua mtu. Mama aliitikia, akapokea vidonge vipya. Lakini jioni alivishika tu mkononi, asiweze kumpa.

"Nikimpa," alisema, "nitakuwa nimemwita Mungu mwongo mbele ya kanisa zima."

Bi Somoe, aliyekuwa amemletea mgonjwa uji, alichukua kikombe cha maji akakaa kando ya Festo.

"Haya, sema bismillahi, umeze."

"Mimi Mkristo, Bi Somoe."

"Basi sema ya kwenu. Kidonge kitakuuliza dini?"

Festo akacheka, mara ya kwanza siku ile. Bi Somoe akamgeukia mama. "Mama Festo, muhogo unaulima mwenyewe, unautwanga mwenyewe, na bado unamshukuru Mungu kabla hujala. Hiki kina kosa gani?"

Mama alitoa kidonge kimoja, akamwekea Festo kiganjani. Kisha akafumba macho, akaanza sala ya chakula, maana ya dawa hakuwa nayo, na alipofika "ukibariki chakula hiki" akasita, akajirekebisha: "kidonge hiki." Tukaitikia amina. Festo akameza.

Leo nafundisha biolojia mjini Mtwara, na wanafunzi huniuliza kama naamini miujiza. Huwajibu kwamba naamini. Sayansi hunionyesha mwili unavyofanya kazi, nami huifundisha bila woga. Haijanionyesha kwamba aliyeuumba hawezi kuugusa. Ila muujiza hauhitaji tuulinde kwa kuficha dawa. Zamani mhubiri wa aina ile alipita mara chache. Siku hizi sauti yake huingia nyumbani kila siku kupitia simu, ikiwaambia wagonjwa watupe vidonge. Festo sasa ni baba wa watoto, ana shamba lake, na bado anameza. Wapo wanaosema basi hakuponywa. Mama, aliyezeeka sasa, huwajibu kwamba kila jioni anamwona mwanawe akiwa hai, na hilo linamtosha kushuhudia.

Kama kwenu kuna anayetumia dawa ya kifafa, ombeni naye jioni ya leo, mpeni kidonge chake na maji, na msikiache wala kukipunguza kabla hamjaenda naye zahanati kuuliza.