Prudensia na Msiba wa Ghorofa ya Chini

Nitaanza na hasira kwa sababu ndiyo niliyo nayo. Chuo nitakachokisema hapa sitakitaja jina. Si kwamba nakiheshimu. Ni kwamba sina hela ya wakili. Mjue tu kiko upande wetu huu wa Dallas na Fort Worth, kina miti mizuri na chemchemi ya maji mbele ya lango, na watu wake wanajua kuongea.

Ninayemzungumzia ni Prudensia, Mama Angel, mwanamke wa Kibosho. Siku hizi yuko Stafford, kule Houston, anatunza wazee wa watu. Lakini tangu mwaka 1996 mpaka yaliyomkuta yamkute tulikaa naye Euless mlango kwa mlango, ndege zikipita juu ya vichwa vyetu kutwa. Msidhani nawaletea malaika. Prudensia ni mbishi. Ukimkaribisha chai atakwambia haijachemka. Kwaya ikimpanga sauti ya pili, ataimba ya kwanza na kuwatazama wenzake kama wao ndio waliokosea. Ila kwenye msiba hakuna mfano wake. Habari ikifika asubuhi, mchana kashapanga nani apike, nani alaze wageni, nani aende kuwapokea uwanja wa ndege, na ole wako useme umechoka.

Alijifunza kwa machungu. Baba Angel alianguka kazini mwaka 1999 akafia hospitalini. Jioni ile viatu vilijaa mlangoni hadi kwenye ngazi, na jirani mmoja Mmarekani akaita polisi akidhani kuna fujo. Tulilala chini sebuleni kwake. Clothilde, mama wa Kikongo ambaye hata hakumjua marehemu, aliosha vyombo mpaka tukamnyang'anya. Hospitali ilimwuliza Prudensia jambo moja tu, nani anamchukua huyu. Akasema ni wangu, ikatosha. Mwili ukasafiri, Baba Angel akazikwa kihambani, shamba la ukoo wao, kati ya migomba, ubavuni mwa babu yake.

Baada ya hapo alimalizia digrii kwa masomo ya jioni, akapata kazi chuoni, ofisi ya tamaduni za wanafunzi. Alipanga sherehe za Wachina, za Wahindi, za Waafrika, kila mtu na ngoma yake. Angel naye alipofika umri akaanza kusoma palepale, kwa punguzo wanalopewa watoto wa wafanyakazi. Tulisema mwenzetu sasa amepata pa kukaa.

Mwaka 2003 mkuu wake, Dokta Halloran, akamwita. Chuo kilikuwa kinafungua chumba cha kufundishia utamaduni wa wenyeji wa asili, wale waliokuwa na ardhi hii kabla ya wote. Kulikuwa na kamati ya maridhiano, na Halloran ndiye mwenyekiti. Akamweleza kwamba chini ya ukumbi mkuu kuna stoo, na humo imo mifupa ya mama na kichanga. Walifukuliwa kando ya mto miaka ya sitini, bwawa lilipokuwa linajengwa. Kichanga alikutwa mikononi mwa mama yake. Ndugu zao, ambao mababu zao walifukuzwa Texas wakasukumiwa Oklahoma, walikuwa wanawadai kwa zaidi ya miaka kumi. "Waalike Jumamosi moja ya Novemba," Halloran akasema. "Ni wakati wa kuponya majeraha."

Hapo ndipo Prudensia alipokosea, na mtu wa kwetu yeyote angekosea vilevile. Kwetu huwaiti wafiwa mahali ulipo mwili ila kwa jambo moja, waje wamchukue mtu wao. Hakuna mwenye akili timamu anayewatoa ndugu wa marehemu mbali ili waje kutazama mlango wa mochwari. Kwa hiyo hakuuliza. Alitoka ofisini kwa Halloran anafuta machozi, akanipigia simu.

"Mama Humphrey, kuna msiba."

"Nani tena jamani?"

"Huwajui. Mama na kichanga chake. Wanachukuliwa Jumamosi ya wiki ijayo, chuoni kwetu. Ndugu zao wana-drive kutoka Oklahoma na hapa mjini hawana mtu."

Sikutaka maelezo zaidi. Nikamwuliza, "Tunapika nini?"

Msiba hauna kadi. Jumamosi ilipofika tulikuwa kundi zima, wa Euless, wa Arlington, hata wale wa Plano ambao kwenye harusi hawaonekani. Wanawake tumejifunga khanga, wanaume wamebeba masufuria ya pilau, Clothilde kaja na mikeka kwapani. Watoto wetu wakauliza kwa Kiingereza, "Mom, who died?" Tukawaambia wanyamaze wavae viatu.

Tukaingia ukumbini tukakuta maputo. Nasema maputo, ya rangi ya machungwa. Na meza yenye keki kubwa nyeupe, juu yake wamechora unyoya kwa sukari. Tulidhani tumekosea mlango.

Bi Verna alikuwa amekaa kiti cha mbele na mpwa wake. Mama wa miaka sabini hivi, mfupi, miwani mikubwa, mkoba magotini. Ndiye aliyetumwa na wale ndugu wa Oklahoma. Prudensia akamwendea, akainama, akamshika mikono yote miwili na kumpa pole ya msiba. Yule mama akaikaza mikono ile.

"Nimekuja chuo hiki mara nyingi," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kunipa pole."

"Gari la kuwabebea lipo? Kama halipo, tunalo," Prudensia akamwambia.

Bi Verna akatikisa kichwa. "Mwanangu, hawatupi leo. Leo ni keki."

Nilimwona Prudensia akisimama wima. Alikwenda moja kwa moja kwa Halloran nami nikamfuata, maana namjua. Akamwuliza wanakabidhiwa saa ngapi. Halloran akacheka kwa adabu. Hakuna makabidhiano, akasema, hii ni sherehe ya kufungua chumba. Sheria ya mwaka 1990 inataka mabaki yarudishwe, ni kweli, lakini wataalamu bado hawajathibitisha hawa wawili ni wa kabila gani hasa, na mpaka watakapothibitisha chuo kinawahifadhi.

"Kama hamjui ni wa nani," Prudensia akasema, "angalau mnajua si wenu."

Halloran akamgusa bega, akamwambia ahakikishe kipaza sauti kinafanya kazi.

Prudensia akarudi kwetu, akatuambia kwa Kiswahili, taratibu, "Jamani, maiti wako chini ya miguu yetu hapahapa. Hawazikwi leo. Hawa wa chuo wanataka tukate keki." Hakuna aliyepanga lolote. Clothilde alitandika mkeka wa kwanza, mbele kabisa, chini ya jukwaa. Akavua viatu, akakaa, akanyoosha miguu. Akina mama tukamfuata mmoja mmoja. Wanaume wakabaki wamesimama ukutani, kofia mkononi, kama wanavyosimama nje ya nyumba yenye maiti.

Halloran alihutubia. Alisema kuhusu kusikilizana, kuhusu kutembea pamoja, akasema ardhi hii inatukumbatia sote. Kila alipotua kungoja makofi alikuta kimya, kwa sababu msibani hatupigi makofi. Mpiga picha wa chuo alizunguka anatafuta sura ya furaha, akatukuta sisi. Bi Verna alipopewa nafasi ya kusalimia, alisema neno moja, kwamba anataka kuwaona. Miaka yote hiyo hawakuwahi kumruhusu. Mbele ya ukumbi mzima na kamera, Halloran angesemaje?

Tukashuka watu wachache. Bi Verna, mpwa wake, Halloran, Prudensia, na mimi niliyevutwa mkono. Mtunza stoo, mwanamke wa makamo mwenye funguo shingoni, akafungua. Chumba kilikuwa safi, baridi, taa nyeupe, rafu za chuma mpaka darini. Akatuonyesha sanduku la karatasi ngumu rafu ya chini. Huyu ni mama. Bi Verna akauliza mtoto yuko wapi. Mtunza stoo akaona haya. Akaonyesha juu, upande wa pili wa chumba. Vichanga wanapangwa peke yao, akasema, kwa umri, ndivyo alivyokuta.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Walimkuta yule mama amemkumbatia mwanawe, udongo wote huo na karne zote hizo hazikumtoa mikononi, wakaja wasomi na kalamu wakamtoa.

Bi Verna hakulia. Alimgeukia Halloran akasema hadai tena kuwachukua, si leo. Anaomba mtoto ashushwe awekwe na mama yake. Basi.

Halloran akasafisha koo. Akasema ombi hilo ni la msingi sana. Akasema angependa kulifikisha kwenye kamati, ambayo inakutana Januari, kwa sababu mpangilio wa stoo ni suala la kitaaluma.

Prudensia akavuta ngazi ndogo iliyokuwa pale. Halloran akamwita jina lake, mara ya kwanza kwa upole, ya pili si kwa upole. Hakugeuka. Alipanda, akachukua lile sanduku dogo, jepesi kama la viatu vya mtoto, akalishusha amelikumbatia kifuani. Akalilaza rafu ya chini, ubavu kwa ubavu na lile kubwa. Bi Verna akapiga magoti kwa shida, akaweka kiganja juu ya masanduku yote mawili, akaongea nao kwa lugha yao. Aliongea kwa muda mrefu. Sikuelewa hata neno, na nililia.

Tulipopanda, pilau tulikula nje kwenye nyasi, sisi na watu wa Oklahoma. Keki ilibaki pale pale na unyoya wake.

Januari kamati ilikutana kweli, ila si kwa ajili ya Bi Verna. Ilimwita Prudensia. Kosa lake, walisema, ni kuhamisha mali ya chuo bila idhini. Mali! Mtu na mwanawe wamekuwa mali, kama viti. Na huyo Halloran, kila mwezi wa Mei huwaambia wafanyakazi hatakuwepo, anakwenda mashariki ya Texas kuweka maua kaburini kwa mama yake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Lakini hawakutaka kumfukuza, walisema, wao ni watu wa maridhiano. Wakampa njia. Ashuke stoo, alirudishe sanduku mahali pake kwa mikono yake mwenyewe, aombe radhi, yaishe. Angel aendelee na masomo yake. Walimtajia na Angel.

Prudensia alinisimulia jioni ile, koti bado mwilini, chai yangu haigusi. Alisema alifikiri sana habari ya Angel. Kisha akawajibu kwamba mahali pake ameshalirudisha.

Wakamwachisha kazi Ijumaa ya wiki ileile. Angel akahamia chuo kidogo cha jirani, akawa anafanya kazi usiku ghala la mizigo. Mama yake hakulalamika hata kidogo. Alisema kulala analala, kwa sababu wale wawili wako pamoja.

Wiki chache baadaye, Jumatatu, yule mtunza stoo akampigia simu nyumbani, anajieleza, anaomba asamehewe, anasema ameamriwa na yeye ana watoto. Prudensia alimsikiliza mpaka mwisho. Akaweka simu, akaja kwangu, akaingia bila hodi, akakaa sakafuni palepale mlangoni.

"Kichanga wamempandisha tena rafu ya juu," akasema.

Nikakaa naye. Simu yangu ilikuwa mezani, akaitazama, akanitazama mimi.

"Sasa Mama Humphrey," akaniuliza, "Bi Verna tutamwambiaje?"