Wanja wa Wifi Kwenye Paipu ya Petroli

Kabla kaka hajaoa, ile pikipiki ilikuwa na watu wawili tu, yeye na mimi. Aliinunua mnadani vitu vya jeshi vilipokuwa vinauzwa baada ya vita, na yeye mwenyewe ndiyo kwanza ametoka Burma. Ilikuwa na rangi ya majani makavu, taa moja, na kelele kama mashine ya kusaga. Akapata kazi kwa mzungu wa kahawa, kupeleka barua na maagizo shamba hadi shamba, na jioni akirudi Kaloleni ananikuta uani na matambara yangu, namngoja.

Baba alikuwa ameshafariki. Kaka ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenipa spana nishike. Kufundisha hakunifundisha, hana subira hiyo. Nilikuwa nafungua, nafunga, nikikosea napigwa kofi la kisogoni, nafungua tena. Mpaka ikafika nikiisikia inakuja tangu njia ya sokoni najua leo plagi chafu, leo cheni imelegea. Mtaani walisema msichana gani huyu ananuka petroli, nani atamwoa. Hilo nililiacha. Lakini jirani mmoja alisema kaka ametoka vitani na chuma kibovu na akili mbovu, huyo nilimmwagia ndoo ya maji ya vyombo, na mama akanifungia ndani siku nzima.

Kukaa nyuma nilikuwa nakaa mimi. Sharti lake lilikuwa moja. "Usinishike kiuno. Shika chuma," anasema. Nikashika chuma, kwenye mabonde yote ya huku mlimani, mpaka viganja vikaota sugu.

Halafu akaoa. Akaleta mke kutoka Tengeru, binti wa mfanyabiashara wa sokoni, mweupe wa meno, mpole wa sauti. Na fungate ikaanza. Bwana, fungate. Bibi arusi anakaa ndani, mikono na miguu ina hina, hafui, hapiki, hatoki. Na wa kumhudumia ni nani? Wifi yake. Mimi. Namchotea maji, nampelekea uji, napokea vyombo mlangoni. Na kaka naye yumo ndani anacheka.

Kinachoniuma mpaka leo ni kile kicheko. Kaka yangu ni mtu ambaye akila hasemi. Burma mimi niliipata kwa vipande, kipande kimoja kila tukimwaga oili. Sasa niko jikoni nasikia anamsimulia yule mtoto wa watu Burma nzima, mto, mvua, nyani, yule rafiki yake aliyefia kule, ambaye mimi nilikuwa sijawahi kumsikia. Nilipasua sahani. Mama akauliza nini, nikasema imeteleza.

Fungate ilikuwa inakwisha kesho yake, na keshokutwa kaka alikuwa ampeleke mkewe Tengeru akawasalimie wazazi. Na alikuwa ameshajigamba siku ya arusi, mbele ya wazee wa kule, kwamba binti yao hatarudishwa juu ya magunia ya lori kama viazi. Atakuja kwa pikipiki. Wazee walicheka, mmoja akasema tutaona kama itapanda hata kilima cha kwanza. Nilikuwepo. Nilimkata jicho yule mzee mpaka mama akanifinya.

Basi asubuhi hiyo natoka kuchota maji, uani kunanuka petroli. Nikainama. Ile paipu nyembamba ya shaba inayotoka kwenye tangi kwenda kwenye kabureta imepasuka katikati, chozi linadondoka, chini udongo umelowa. Nikafunga bomba la tangi, nikagonga ukuta wa chumba chao.

"Kaka. Toka uone."

Akatoka amejifunga msuli, macho ya usingizi. Akaangalia, akakaa juu ya ndoo.

"Basi," alisema. "Paipu kama hiyo hapa mjini haipo. Labda Nairobi. Nitamtumia salamu shemeji, kwenye karakana yao wana vifaa."

Shemeji ndiye kaka yake bibi arusi. Nikahisi kichwa kimepata moto. "Yaani utume mtu kwa wakwe, ukawaombe wakutengenezee chombo cha kumpelekea binti yao? Na yule mzee akisikia?"

"Sasa nifanyeje?"

"Nenda ndani ukacheke. Niachie mimi."

Nikachukua tyubu ya baiskeli, nikakata utepe, nikauzungusha juu ya ufa, nikakaza kwa waya. Nikafungua petroli. Kavu kabisa. Nikaimba nikipeleka uji. Mchana narudi kuangalia, ule mpira umevimba umekuwa laini kama ugali wa mtoto, unateleza, petroli inadondoka vilevile. Petroli inakula mpira, sikuwa najua. Siku hiyo nilijua.

Nikaketi palepale na hasira zangu. Na hapo wazo likanijia, nalisema kama lilivyokuja. Nikiiacha hivi, bibi arusi hapandi. Ataenda kwa lori, juu ya viazi, na kile kiti cha nyuma kitabaki changu. Sihitaji kufanya kitu. Nikae tu.

Lakini nikamwona yule mzee wa Tengeru anacheka. Kaka yangu anashuka kwenye lori, anapangusa vumbi, na yule mzee anacheka. Hapana. Kumchukia mke wake ni shauri langu. Kumcheka kaka yangu, hilo silikubali kwa mtu yeyote.

Dawa ilikuwa kukata ule mpasuko, kuunga paipu kwa kitu cha shaba kinachoingia juu yake kama ala ya kisu, na kulehemu. Lehemu ninayo, huwa naikwangua kwenye mishono ya madebe mabovu. Mafuta ya mkia wa kondoo yapo jikoni, ukipaka lehemu inashika. Ala ndiyo sina. Nikapekua uani, chini ya kitanda, kwenye kopo la mama la vifungo. Nikawa natukana peke yangu.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Wifi, unatafuta kitu gani?"

"Hakikuhusu. Lala."

"Nimechoka kulala. Cha ukubwa gani?"

Nikamwambia ili aninyamazie. Halafu mkono wenye hina ukatoka pembeni ya pazia, umeshika kile kikopo chake cha wanja, cha shaba ya njano, chembamba kama kidole cha mtoto. Nilikijua. Mama yake ndiye aliyempa siku ya kumtoa kwao.

"Jaribu hiki."

"Nitakikata."

"Najua."

"Na wanja utatia kwenye nini?"

"Kwenye macho, wifi. Chukua kabla kaka yako hajaamka."

Nilitaka kumrudishia. Kweli nilitaka. Nikaenda uani, nikaifungua paipu, nikaipitisha, ikaingia kama vile vilitengenezwa pamoja, na hapo nikazidi kuumia. Ameingia chumbani, ameingia Burma, sasa na kwenye pikipiki yumo.

Nikaiosha paipu kwa maji moto, nikaipuliza mpaka harufu ikaisha, maana petroli na mkaa si vya kuchezea. Mpasuko nikaukata kwa msumeno, na kikopo nikakikata ncha zote mbili, nikasugua ncha kwa mchanga mpaka zikang'aa, nikapaka mafuta ya kondoo, nikaweka chuma kwenye moto, kilipoiva nikakigusisha na lehemu pale kwenye mshono. Lehemu ikakimbia kuzunguka mshono yenyewe. Jikoni kulinuka kama Idi. Nikaifunga mahali pake, nikafungua petroli, nikaweka kidole chini ya mshono nikangoja. Kavu. Asubuhi yake, kavu.

Siku ya kwenda nilisimama mlangoni. Bibi arusi akatoka na buibui jipya, macho yamejaa wanja sijui aliutoa wapi, akakaa upande, pale pangu nyuma. Kaka akapiga teke, ikawaka. Na yule dada akanyoosha mikono akamshika kaka kiuno. Nikangoja kaka aseme shika chuma. Akatia gea. Waliondoka wakaniachia moshi.

Jioni waliporudi sikumwangalia mtu, nikainama kwenye mshono kwanza. Kavu. Kaka akapita ndani kusalimia mama. Wifi akabaki, anakung'uta vumbi.

"Yule mzee alitoka mpaka barabarani kuangalia," alisema. "Na kaka yangu akainama hapohapo ulipoinama wewe. Akauliza nani amelehemu hivi. Mume wangu akasema, fundi wangu."

"Alisema hivyo? Mbele ya yule mzee?"

"Mbele ya wote."

"Na wewe ukasema kikopo ni chako."

"Mimi? Sikusema kitu."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira kuliko siku zote za fungate. Angesema ni chake, ningekuwa na neno la kumwambia. Sasa nimwambie nini? Nikafuta mikono kwenye kanga.

"Sikiliza wifi," nikamwambia. "Jumapili ni zamu yangu. Naenda Oldonyo Sambu kwa shangazi, wewe utabaki hapa upike. Na mwambie mumeo nitamshika kiuno."