Pwani Iliyonenepa Daftarini

Mimi ni mtu wa Rombo, na kabla sijawa mwalimu wa jiografia huku Msimbati nilikuwa mpagazi mlimani. Msimu mmoja watafiti walinichukua niwabebee vijiti vya kupimia barafu ya Kilimanjaro, na tangu siku hiyo sijanyamaza. Wanafunzi wangu wameisikia habari hiyo mpaka wanaimalizia wao. Unachimbia kijiti kwenye barafu, unapima kipande kilichobaki nje. Ukirudi mwaka unaofuata ukakuta kimechomoza zaidi, barafu imepungua. Ukikuta kimefukiwa, theluji imeongezeka. Unachukua kilichoingia, unatoa kilichopotea, unaandika. Hakuna uchawi hapo, ila baridi ya kukata masikio.

Mwenye nyumba wangu, bibi mmoja wa Kimakonde aliyenipangisha chumba cha uani, naye alisikia. Alikuwa amekaa kibarazani anamenya ming'oko iliyochemshwa, vile viazi vya porini, akaniacha nimalize yote.

"Na mkishajua imepungua, mnafanya nini?"

"Tunaandika, bibi."

"Mnaandika tu? Mmepanda mlima wote huo?" Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Wachaga nyie, mna kazi!"

Haikupita wiki akanijia na jambo lake. Binti yake, anayeishi mjini, mtaa uitwao Ufukoni, alikuwa amemshikia bango ahame. Bahari ilishaangusha minazi miwili mbele ya nyumba, na binti alisema kinachofuata ni mama mwenyewe. Bibi alisema mchanga wa Msimbati una kwenda na kurudi: kusi inauchukua, kaskazi inaurudisha, na yeye hahamishwi na kitu kinachorudi. Walibishana kwenye simu kila Ijumaa, nami chumbani kwangu nasikia pande zote mbili maana bibi haamini simu bila spika. Mwisho wakakubaliana, na makubaliano yenyewe yakaniangukia mimi. Mwalimu apime mwaka mzima. Mchanga uliopotea ukizidi uliorudi, bibi anahama. Usipozidi, binti asiliguse tena suala hilo.

Nilivimba kichwa, nisiwe mwongo. Nilichonga vigingi vinne vya mvinje, nikavisimika kwa mstari kuanzia karibu na kibaraza hadi maji yanapoishia. Kila kimoja nilikizungushia rangi nyekundu pale kilipogusana na mchanga. Nikamwita bibi nimwelimishe.

"Mstari huu mwekundu ndio usawa wa mchanga wa leo. Tunataka tuone kama utabaki hapa hapa."

"Nimeelewa, mwalimu. Niachie mimi."

Ningekuwa na akili ningemuuliza aniachie nini. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuchora jedwali.

Kusi ikaja na makelele yake. Kila mwisho wa mwezi nikitoka shule nashuka na rula yangu, nakuta mistari yote iko sawa na mchanga, kama nilivyoiacha. Nikaandika sifuri. Mwezi wa pili sifuri, wa tatu sifuri. Ilipoingia kaskazi mistari ikafukiwa, kile kigingi cha mwisho kwa shibiri mbili nzima. Hasara hakuna, faida ipo! Nilitangaza kwenye chumba cha walimu kwamba pwani yetu inanenepa. Mwalimu wa hesabu akaniuliza inanenepa kwa kula nini, nikamnunia siku mbili.

Mwaka ulipokaribia kutimia ilikuwa Ramadhani, na binti alikuwa aje Idd kusomewa matokeo. Siku tatu kabla ya Idd, maji ya bamvua yalipanda sana. Asubuhi yake nilikuwa nimesahau vitabu nyumbani, nikarudi kuvichukua. Nikamkuta bibi ufukoni, kanga ameifunga kiunoni, mchi wa kinu mkononi, anagonga kigingi changu.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Nakutengenezea." Hata hakusimama. "Bahari imekivua nguo hiki, mstari wako umebaki juu juu. Namwagia maji kidogo pembeni kishuke, nagonga, mstari unarudi sawa. Mwaka mzima nafanya. Ulidhani nani anakufanyia?"

Nikakaa mchangani. Kisha nikafoka, sifichi. Nilimwambia ameniua, ameniaibisha, mwaka wangu wote ameufukia ardhini kwa mchi, tena na funga yake! Aliniacha nipoe. Nilipomweleza tena kazi ya ule mstari alielewa haraka kuliko kidato cha tatu wangu wote.

"Kwa hiyo kila nilipogonga, ni mchanga uliokwenda."

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe hukuandika."

"Sikuandika."

Daftari lilikuwa mfukoni mwangu, safi, sifuri zimejipanga vizuri. Tuliojua tulikuwa wawili. Kule mlimani namba yangu haikuwahi kumtoa mtu nyumbani kwake, lakini hii ingemwondoa bibi, na mimi nilikuwa nampenda kuliko nilivyopenda kusema kweli. Nikageukia baharini nisione uso wake.

"Binti yako anakuja keshokutwa," nikasema. "Daftari linasema unabaki."

"Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Andika. Wiki ya hitima ya shemeji yangu, hicho cha mwisho, shibiri. Ulipolazwa kwa malaria, shibiri na vidole vinne. Siku mbuzi alipokula sabuni yako, nusu shibiri."

Aliyakumbuka yote, kigingi kwa kigingi, akipima hewani kwa kiganja chake. Mimi naandika, naye ananisahihisha. Kigingi cha mwisho kilikuwa kimepoteza shibiri sita, zikarudi zile mbili. Hata cha karibu na kibaraza, ambacho niliapa bahari haijakigusa, alikuwa amekigonga mara tatu.

Siku ya Idd, baada ya pilau, nilifungua daftari nikakohoa. Bibi akaninyang'anya.

"Nitasema mwenyewe," akamwambia bintiye, na akasema kila kitu, pamoja na mchi. Binti alicheka mpaka akashikilia nguzo ya kibaraza. Nilicheka na mimi, ingawa aibu ilikuwa yangu. Kisha bibi akaongeza, "Kwa hiyo nahama," na kicheko kikakatika.

"Kweli, mama? Chumba nimeshakuandalia."

"Nahamia shambani, juu kule kwenye mikorosho. Tulikubaliana kuhama. Mjini kwako Ufukoni nani alikutaja?"

Binti akanitazama nimsaidie. Nikaona hapa angalau niseme cha kitaalamu, na labda nilikuwa bado natafuta mlango wa kumbakiza. Nikasema mwaka mmoja hautoshi. Kule mlimani wanapima miaka na miaka ndipo wanathubutu kusema kitu, na huenda kaskazi ijayo mchanga ukarudi wote. "Subiri, bibi. Nipime tena, ila safari hii usiguse."

Alitazama nyumba, ukuta kwa ukuta, bila haraka. Alipozungumza hakukuwa na utani tena sautini.

"Wewe endelea kupima, mwalimu. Kwako mwaka mmoja hautoshi, nakuamini. Lakini mwaka huu bado nina mikono ya kukandika nyumba mpya kule juu. Mwakani sijui kama nitakuwa nayo."

Binti yake akavua viatu vyake vya Idd, akauliza majembe ya kuchimbia udongo yako wapi.