Kura ya Mama Mistari

Mtaani walimwita Mama Mistari, kwa kuwa mistari ya nywele aliyosuka ilinyooka kuliko barabara ya halmashauri, ingawa hiyo si sifa kubwa kwa mistari. Na kwa vile mteja akishakaa kwenye kigoda chake hana pa kukimbilia ila kusema, alizijua shida za kila nyumba. Ndiyo maana wakamchagua awawakilishe kwenye kamati ya zahanati.

Mchana ule kamati ilikuwa ikutane. Fungu la fedha lilitosha jambo moja tu: zahanati ianze kufunguliwa Jumamosi, au muuguzi aendelee kupanda mlimani kila wiki kuwafuata wachache wanaoishi huko. Wajumbe wengine walishagawanyika nusu kwa nusu. Kura iliyobaki ilikuwa yake.

Na asubuhi hiyo kigodani alikaa wifi yake, mke wa kaka yake, mwenye mtoto wa pumu na mdomo usio na breki.

"Wifi, piga hesabu. Jumamosi moja hapa anatibu umati. Kule anapima mabibi wawili na mbuzi."

"Mbuzi hapimwi."

"Basi mabibi wawili tu! Na huyu mtoto ni damu ya kaka yako. Kifua chake hakijui kusubiri Jumatatu."

Mama Mistari akagawa nywele kwa chanuo. Hesabu ya wifi ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomchoma.

"Mwanao ana dawa ya kuvuta nyumbani, na hospitali kubwa iko barabara hii hii," akasema mwishowe. "Mjamzito wa kule ana nini? Miguu. Hapa kwangu aliyetoka mbali namsuka kwanza, na hamjawahi kununa."

"Nywele haziui, wifi!"

"Ndiyo nasema. Kama kwa nywele tu tunamjali hivyo, sembuse uhai?"

Wifi akainuka, upande mmoja mistari, upande wa pili kichaka, akatoka hivyo hivyo. Mtaa ukapata cha kucheka.

Kikaoni Mama Mistari aliinua mkono upande wa mlima. Akarudi taratibu, roho juu juu, akamkuta wifi kashakaa kigodani, kajifunga kilemba, midomo mbele.

"Umeshinda?"

"Mlima umeshinda."

"Mwakani nagombea hiyo kamati nikung'oe."

"Karibu sana. Tukipata mgomvi kama wewe, hata Jumapili watafungua."

Wifi akajitahidi kununa zaidi, kicheko kikamponyoka. Akafungua kilemba.

"Haya, suka upande uliobaki. Ila usinivute, leo kichwa kinauma kwa ajili yako."