Kundi la Kompyuta Moja

Lornah hakuwa mjinga, na anayemwita mjinga hajawahi kuketi mbele ya skrini nyeusi huku kazi yake ikining'inia hapo. Alikuwa mwanagenzi katika kampuni ndogo ya kompyuta pale Ngara, na siku hiyo uanagenzi wake ulikuwa ukiisha. Kibe, bosi wake, alimwachia mashine kuukuu ya Linux aiwekee K3s, ile Kubernetes nyepesi inayosimamia programu nyingine na kuziinua zikianguka.

"Nikirudi lunch nikute klasta iko up, unabaki na sisi. Ikikataa, tutaachana tu vizuri."

Kuachana vizuri kulimaanisha kurudi Kangemi, kwenye saiba, kile kiduka cha intaneti alikokuwa akiwachapia watu barua za kuomba kazi ambazo yeye mwenyewe hakuzipata.

Kuiweka hakukumsumbua. Alinakili amri ya mstari mmoja, akabonyeza, mashine ikanguruma kidogo ikamaliza. Kisha akaiuliza orodha ya kompyuta zilizomo kwenye klasta. Ikatokea moja, na kando yake neno Ready, yaani iko tayari.

Moja? Lornah alijua klasta ni kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja. Kundi la mmoja nani amewahi kuliona? Hata chama cha akina mama kanisani kwao hakiwezi kuwa cha Mama Waringa peke yake, awe mwenyekiti na mweka hazina, ajipigie kura na kujipinga. Kidole kimoja hakivunji chawa. Akaamua ameharibu mahali, akafuta kila kitu, akaanza upya. Ikatokea moja. Akafuta tena, akazima mashine, akaiwasha. Moja. Kuuliza si ujinga, lakini siku ya mwisho ya uanagenzi nani anataka kuonekana hajui? Basi asubuhi yote ikaisha akijenga na kubomoa, kichwa kikimzunguka.

Kibe alirudi akitafuna chapati, na Lornah ndiyo kwanza alikuwa amefuta tena. Mashine ilikuwa tupu.

"Sasa, Lornah. Klasta iko wapi?"

"Nimeitoa."

"Umeitoa aje? Ilikuwa imekataa?"

Lornah akaanza kuiweka tena mbele yake. Mikono iliijua njia, amri baada ya amri, bila kuchungulia popote. Kibe akaacha kutafuna. Orodha ilipotokea, Lornah alitaka kulia.

"Iko moja tu," alisema. "Pole, boss. Nimejaribu tangu asubuhi."

"Kwani ulitaka ngapi? Hapo kwa meza kuna mashine ngapi?"

Lornah akatazama meza. Palikuwa na mashine moja.

"Hiyo ndiyo nilikuwa nataka," Kibe alisema. "Na vile unaiweka bila kuangalia mahali, Monday utafundisha wale wanagenzi wapya, Maxwell na Peres."

Lornah alishukuru, akaenda chooni, akajifungia, akalia kwa furaha. Alipomaliza kulia hakutoka. Alisimama hapo na hofu mpya kabisa, akiwaza Jumatatu wakimuuliza kwa nini hiyo moja inaitwa kundi, atawajibu nini.