Jina la Nne la Abdi

Mimi si mtu wa mapepo. Nimefundishwa kutafuta waya uliochomoka kabla ya kumsingizia jini. Lakini hili lilinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, Garissa, miaka ya tisini ikielekea kwisha. Ukicheka, cheka tu, nimeshazoea.

Nilikuwa karani wa shirika dogo lililotunza orodha ya watu waliopotezana na jamaa zao vitani, ng'ambo ya mpaka. Mtu wa bara, mke nimemwacha Nyeri, ninalala chumba kimoja cha mabati. Upweke wa kule uliniumiza, sifichi. Siku nyingine niliongea na kompyuta tu, mashine kuukuu ambayo fundi mmoja wa Nairobi aliiwekea Linux, mfumo wa kuiendesha, kwa sababu ulikuwa wa bure.

Basi ikaanza kuganda. Unabonyeza herufi, inatokea baada ya dakika nzima. Taa ya diski inawaka bila kupumzika, kipanya hakisogei. Nikafunga madirisha yote, nikazima programu moja moja, hata feni nikaielekeza kwenye mashine, mimi nikabaki natoka jasho. Wapi! Mwisho nikagundua memori ni ndogo na orodha ni kubwa. Unajua nilifanya nini? Wasomali hutaja jina lao, la baba, la babu, na kuendelea juu. Nikabakiza matatu kwa kila mtu, kisha nikaiamuru mashine ifute yaliyojirudia, kana kwamba wenye majina sawa ni mtu mmoja. Ikakimbia! Nikajipongeza, mjinga mimi.

Ijumaa, saa ya swala, mji wote ulikuwa msikitini. Farah, mlinzi wetu, alinifungia geti kwa nje kama kawaida. Kompyuta ikaganda tena, safari hii kabisa. Nilipoinua kichwa, mama mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi, mtandio umejaa vumbi.

"Karani, kijana yangu Abdi umetoa," akasema. "Umeacha majina tatu. Kwetu tatu si mtu."

Nikamwambia mashine imekwama.

"Itaandika bolebole."

Akaanza: Abdi Mohamed Hassan Gure, akapanda kwa mababu hadi kumi. Mikono yangu ilikuwa mapajani, naapa. Herufi zikajiandika zenyewe kwenye kioo kile kilichoganda. Nikamwuliza jina lake yeye, akanitajia. Kisha akanitazama kwa huruma.

"Na wewe, nani anakutafuta?"

Nikainama kufuta macho, na nilipoinuka benchi lilikuwa tupu.

"Wallahi, karani, hakuna mtu amebita," Farah aliniambia aliporudi. "Kufuli ndiyo hii."

Nikafungua daftari la waliofariki. Jina la mama yule lilikuwamo, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Alikufa njiani kabla ya kufika Liboi, mpakani.

Jumatatu akaja mjomba wa Abdi. Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuambiwa hapana. Nikatazama orodhani: Abdi wa Gure, kituo cha watoto, hapahapa mjini.

"Yupo," nikasema. Akakaa sakafuni, akalia.

Nilirudisha majina yote kutoka kwenye madaftari, kwa miezi. Hadi leo kompyuta ikiganda nageuka kutazama nani amekaa nyuma yangu, na mke wangu ananiita mwoga. Nawe unayeshika majina ya watu, ongeza memori, au tupa mashine hiyo uchukue nyingine, lakini usimfute mtu kwa kuwa anafanana na mwenzake. Mjomba yule alikuja kuuliza mara moja tu. Lori la kumrudisha Liboi lilikuwa getini, na dereva hakuwa amezima injini.