Niling'oa Mupaka ya Mama Mudogo

Ati nilitafuta sifa? Hapana! Miye niko volontere, natumika bure. Hapa Sake kikundi yetu inapitaka kando ya ziwa, inatafuta mimea ya kigeni yenye inasambaa mubaya, inaing'oa na kufunika mashimo. Siku moja miye peke yangu nilitokea upande wa maji, fasi shamba haionekane, nikang'oa mustari muzima wa tithonia, ile ya maua ya manjano. Nilijisikia mwanaume kabisa!

Kesho yake mama mudogo wangu, mujane, akarudi kutoka Kingi, akaanza kulia: mupaka ya shamba yake ya maharagi imepotea. Damu ikanipanda. Sikuuliza hata mupaka ilikuwa ya nini. Nikamurukia jirani yake, Papa Bahati, mbele ya shefu wa mugini na watu yote.

"Weye mwizi! Umekula mupaka ya mujane!"

"Kijana, punguza mudomo." Papa Bahati akachomeka fimbo hatua kumi ndani ya maharagi ya mama mudogo. "Mupaka ilipitaka hapa."

"Uongo!" mama mudogo akalia. "Nilipandaka maua ya manjano kule chini, karibu na maji!"



Shefu akauliza, "Nani anajua fasi yenye ile maua ilisimama?"

Mashimo yote nilifunika miye, tena vizuri sana. Hakuna mwingine mwenye anajua. Nikanyoosha mukono kama mutoto wa masomo.

"Shefu, naweza kuonyesha. Njo miye niliing'oa."

Papa Bahati akacheka mpaka akakaa chini, machozi ya kicheko inamutoka. Weye ungekuwa miye, ungenyamaza?